Upana wa Boriti

Aliyejenga nyumba ya mawe katika Mji Mkongwe wa Unguja aliweza kuamua mambo mengi. Aliweza kuamua ghorofa ziwe ngapi, mlango uwe na nakshi za namna gani, vidaka vichongwe safu ngapi ukutani, na uwanda wa ndani uwe na ukubwa gani wa kupitishia hewa na mwanga. Upana wa chumba hakuuamua yeye. Uliamuliwa na mkoko. Dari ya chokaa na mawe ya matumbawe ni nzito, na kinachoibeba ni boriti zilizokatwa mikokoni, zikalazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Na boriti iliyonyooka na yenye nguvu ya kubeba mzigo huo haivuki mita 3 kwa usalama. Tajiri aliweza kukirefusha chumba chake apendavyo. Kukipanua hakuweza. Na kwa kuwa boriti hizo hizo, kutoka Rufiji na kwingineko katika pwani hii, zilipakiwa majahazini zikapelekwa Ghuba, hata kule nyumba nyingi za kale zina vyumba vyembamba vivyo hivyo, kana kwamba mti mmoja uliwapimia watu wa pande mbili za bahari kwa kamba moja.

Jambo hili wajenzi wanalijua, na wanaosoma historia ya majengo wanalijua. Mpigapicha hulijua kwa namna yake, siku anapoingia chumbani na kamera, akarudi nyuma hatua moja ili apate kuona zaidi, akarudi hatua ya pili, na mgongo wake ukagota ukutani.

Maalim, mwalimu mstaafu wa hesabu, aligota ukutani mwaka 2021. Nyumba ni ya marehemu babu yake, mtaa wa Kiponda, na chumba chenyewe ni kile cha ghorofa ya kwanza ambacho watu wa nyumba hiyo wamekiita siku zote chumba kirefu. Warithi walikuwa wamekuwa wengi kuliko vyumba. Kila msiba uligawa fungu kuwa mafungu, hata ikafika pahali wapo walioimiliki nyumba kwa sehemu ndogo kiasi kwamba hesabu yake ilihitaji karatasi na kalamu, na hesabu hiyo alipewa Maalim aifanye, kwa kuwa ndiye aliyejua sehemu. Aliifanya vizuri. Alipomaliza, ikaonekana wazi kwamba hakuna awezaye kuwalipa wenzake akabaki na nyumba, na kwamba dari ya upande wa magharibi haitangoja mvua nyingi zaidi. Kikao kikakubaliana kuuza. Maalim naye aliinua mkono. Aliyekuwa bado akiishi humo alikuwa mmoja tu, shangazi yake, bibi wa miaka themanini na kitu, ambaye alizaliwa katika chumba kirefu na ambaye katika kikao hicho hakusema lolote ila kuuliza kama funguo zitatakiwa kabla ya Ramadhani au baada yake.

Kamera ilikuwapo. Ilikuwa Hasselblad 500 C/M, aina iliyoanza kutengenezwa Sweden mwaka 1970, ambayo Maalim aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, akaitunza kama watu wengine wanavyotunza saa ya baba. Ni kamera ya filamu pana, ile iitwayo 120, nayo hutoa picha kumi na mbili tu kwa mkanda mmoja, kila moja ikiwa mraba wenye ubavu wa milimita 56. Mtu huitazama kutoka juu, kichwa kikiwa kimeinama, na taswira aionayo kwenye kioo imegeuka, kushoto kumekuwa kulia. Lenzi yake ilikuwa moja, Planar ya milimita 80, ambayo kwa filamu ya ukubwa huo ndiyo ya kawaida: haipanui wala haivuti. Kwa lenzi hiyo Maalim alikuwa amepiga picha za majahazi, za maskani, za watoto wa shule waliokwisha kuwa wazee, na za Beit el-Ajaib kutokea Forodhani.

Hiyo Beit el-Ajaib ndiyo iliyomfunza kitu. Jumba hilo, lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sayyid Barghash, liliporomoka mnara wake na sehemu ya mbele tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili waliokuwa kazini wakapoteza maisha. Siku chache baadaye Maalim alitoa bahasha za negativu akazitazama moja moja mbele ya taa. Alikuwa na picha nyingi za jumba hilo, zote za nje. Nje ni kwepesi. Nje kuna bustani, na asiyeridhika na anachokiona hurudi nyuma mpaka aridhike. Miguu yake ndiyo lenzi yake. Ya ndani hakuwa nayo hata moja, na sababu aliikumbuka vizuri: kila alipoingia, lenzi ya 80 ilimpa nguzo moja, au nusu ya mlango, na akasema moyoni kwamba atarudi siku akiwa na lenzi pana.

Kwa hiyo shangazi alipomwambia, miezi michache baadaye, maneno haya, hakuweza tena kusema atarudi.

"Mwanangu, kabla sijatoka humu unipige picha. Si mimi peke yangu. Mimi na chumba."

Maalim alikwenda na futi ya chuma. Chumba kirefu kilikuwa na upana wa mita 2.7, na dari yake haikufika mita 3. Kipande cha ukuta alichotaka shangazi kionekane kilianzia karibu na dirisha, kwenye ncha ya kibao anachokalia yeye kila alasiri, kikapita kiti cha marehemu baba yake Maalim, kikaishia kwenye kidaka cha mwisho, ambamo mama yake shangazi aliweka msahafu na chupa ya marashi. Upana wa kipande hicho ulikuwa mita 2.8. Hesabu yake ni nyepesi, na mwalimu wa hesabu hakuihitaji karatasi: upana unaoingia katika picha ni umbali wa kusimama, ukazidishwa kwa 56, ukagawanywa kwa milimita za lenzi. Akiondoa nafasi ya miguu mitatu ya kamera na ya kiwiliwili chake nyuma yake, ilimbakia mita 2.1 kutoka lenzi hadi ukuta wa pili. Lenzi ya 80 ingempa mita 1.47. Ya 60 ingempa 1.96. Ya 50, 2.35. Ya 40, 2.94. Kwa hesabu hiyo jawabu lilikwisha kupatikana, na mtu mwingine angelikwenda kununua ya 40 akamaliza shauri.

Ila lenzi pana ya kamera ya namna hii si kitu cha kununua kama taa. Ndani ya kamera, kati ya lenzi na filamu, kuna kioo kinachoipandisha taswira juu apate kuiona mpigapicha, na kioo hicho kinahitaji nafasi ya kuinuka. Kutoka pahali lenzi inapofungwa hadi filamu ni kiasi cha milimita 75. Lenzi ya milimita 40 ya umbo la kawaida ingetakiwa ikae ndani kabisa, pale pale anapopita kioo. Mafundi wa Carl Zeiss wa Ujerumani walilitatua hilo kwa kuunda lenzi iliyo kama darubini iliyogeuzwa: vioo vikubwa vya kutawanya mwanga mbele, vya kuukusanya nyuma, ili taswira iangukie mbali zaidi kuliko milimita za lenzi yenyewe. Wakaiita Distagon. Ndiyo maana lenzi hizo ni ndefu na nzito, zenye kioo cha mbele kilichotuna kama jicho la samaki wa kilindini. Tena kila lenzi ya kamera hizi hubeba shata yake yenyewe ndani yake, kwa hiyo anunuaye lenzi hununua na saa ya kupimia mwanga mle mle.

Iko njia ya pili. Kampuni ya Hasselblad ilitoa mwaka 1954 kamera isiyo na kioo kabisa, ambayo lenzi yake, Biogon ya milimita 38 iliyobuniwa na Ludwig Bertele, huingia ndani hadi karibu kuigusa filamu. Mistari iliyonyooka hubaki imenyooka hadi ukingoni, na wasanifu majengo wameipenda kwa sababu hiyo. Lakini atumiaye kamera hiyo haoni kupitia lenzi. Huchungulia katika kitazamio kidogo kilichopachikwa juu, akakisia umbali, akatazama kipovu cha pima-maji kimekaa katikati, akabonyeza. Maalim aliifikiria kwa siku mbili tatu, kisha akaiacha. Bei ilikuwa moja ya sababu. Sababu nyingine ni kwamba alitaka kumwona shangazi yake wakati anampiga picha.

Mjini Dar es Salaam alikuwapo rafiki yake, mpigapicha wa magazeti aliyekwisha kustaafu, ambaye mikono yake ilianza kutetemeka na ambaye alitaka vyombo vyake viende kwa mtu atakayevitumia. Alikuwa na Distagon tatu: 60, 50 na 40. Alizifunga katika blanketi, akazituma kwa boti pamoja na maneno ya kwenye simu: "Kaa nazo wiki mbili. Chagua moja, mbili unirudishie. Mchagua nazi hupata koroma, kwa hiyo usizungushe sana." Bei alizitaja zote tatu. Ya 40 ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya 60.

Fedha za kununulia ndizo zilizomnyima Maalim usingizi. Hakuwa na akiba ya kutosha. Alichokuwa nacho ni fungu lake la arubuni, ambayo mnunuzi wa nyumba alikwisha kuitoa na warithi wakagawana. Angenunua kwa fedha za nyumba lenzi ya kuipigia picha nyumba, kisha nyumba isiwepo, ibaki lenzi. Aliligeuza jambo hilo upande huu na upande huu. Hakupata upande ambao lilikuwa zuri.

Siku ya majaribio alipeleka mkanda mmoja, picha nne kwa kila lenzi. Alimwomba shangazi akae kwenye kiti cha katikati, ambako mwanga wa dirisha ulikuwa umetulia na ambako, hili hakulisema, lenzi haina ubaya kwa mtu.

"Hapo?" aliuliza shangazi. "Hapo alikaa babu yako, kisha baba yako. Mimi sijapata kukaa katikati ya chumba hiki tangu nizaliwe. Mahali pangu pale."

Akaenda akaketi kwenye ncha ya kibao, karibu na dirisha, mikono juu ya magoti, kama alivyoketi kila siku tangu Maalim apate fahamu. Na yeye akafunga lenzi ya 40.

Kwenye kioo kila kitu kiliingia. Dirisha, kibao, kiti, vidaka vyote vitano, ncha za boriti zinapozama ukutani, hata zulia la miguuni. Maalim aliona furaha ya mtu aliyefungua mlango akakuta chumba ambacho hakukijua. Alipiga nne, akafunga ya 50 akapiga nne, akafunga ya 60 akapiga nne. Usiku ule alizisafisha filamu mwenyewe, na siku ya pili akatoa picha tatu katika karatasi, moja ya kila lenzi, akazianika msalani kwake kwenye kamba.

Wa kwanza kuziona ni dalali, aliyekuja kwa shughuli ya hati. Alizipita mbili bila kusimama. Mbele ya ile ya 40 alisimama.

"Maalim, hii nipe nakala. Mnunuzi ana mwenzake Muscat hajaiona nyumba. Akikiona chumba hiki hatauliza tena habari ya paa."

Maalim aliitazama tena picha ile kwa macho ya dalali, na akaona. Chumba kilikuwa kikubwa. Ukuta wa mbele ulikuwa umesogea mbali, na zulia lililo karibu na kamera limetanuka kama uwanja. Chumba ambacho watu wawili wakipishana ndani yake mmoja hugeuka ubavu kilikuwa kimekuwa ukumbi wa karamu. Boriti za mkoko, ambazo ndizo sheria ya nyumba ile, zilikuwa zimevunjwa bila kuguswa.

Alimpelekea shangazi picha zote tatu. Bibi alivaa miwani, akaanza na hiyo hiyo.

"Nyumba kubwa hii ya nani?"

"Hii hii, shangazi. Chumba kirefu."

"Na huyu?" Kidole kilikuwa juu ya mwanamke aliyeketi ukingoni.

Lilikuwa swali la haki. Uso wa mwanamke yule ulikuwa umevutwa kwa upande, magoti yake makubwa kuliko kichwa, na mkono ulio karibu na ukingo umekuwa mnene kama wa mtu mwingine. Ile ya 60 ilimrudishia uso wake, akajitambua na akacheka kidogo kwa meno aliyobaki nayo. Kisha akaitafuta picha kwa kidole kutoka dirishani kwenda upande wa pili, na kidole kikafika mwisho wa karatasi.

"Kidaka cha mama hakimo."

Katika ile ya 50 kidaka kilikuwamo nusu, nao uso ukawa umepona nusu. Hiyo bibi hakuisemea neno.

Wengi huambiwa kwamba lenzi pana hupotosha, na wakaamini kwamba kosa limo katika kioo. Haliko huko. Lenzi ya 40 ile ilikuwa nzuri, na mstari ulionyooka iliuchora umenyooka. Yako mambo mawili tofauti, na Maalim aliyatenganisha usiku ule kwa penseli. La kwanza ni ukubwa wa kilicho karibu mbele ya kilicho mbali. Hilo haliamuliwi na lenzi; linaamuliwa na mahali aliposimama mtu. Magoti ya shangazi yalikuwa mita moja na robo hivi kutoka kwenye kamera, na kichwa chake karibu mita mbili kasorobo. Anayemsogelea mtu kiasi hicho atayaona magoti makubwa hata kwa macho yake mawili, ila macho husamehe. La pili ni kunyooshwa kwa vilivyo pembeni. Taswira huanguka juu ya filamu bapa, na mwanga unaofika ukingoni hufika kwa mshazari, kama kivuli cha mpira ukutani taa ikiwa kando. Kadiri lenzi inavyokuwa pana ndivyo mshazari unavyozidi. Pale alipoketi shangazi, lenzi ya 40 ilimpanua karibu sehemu moja ya tano. Angeketi katikati asingepanuliwa hata kidogo. Yaani lenzi hiyo ilikuwa na heshima kwa mwenye kiti, na aliyeketi pembeni ndiye aliyelipa.

Maalim aliandika sentensi hiyo pembeni mwa hesabu zake, kisha akaifuta, kwa kuwa aliona inamhusu kuliko alivyotaka.

Siku zilizofuata zilikuwa za kuhama. Vitu vilitolewa kidogo kidogo: vitanda, masufuria, makasha mawili ya msaji yenye misumari ya shaba. Siku ya nne walikuja vijana kulitoa kabati la nguo lililokuwa chumba kirefu, ukuta wa upande aliokuwa amesimama na kamera. Kabati lilikuwa pale tangu kabla Maalim hajaanza chuo. Lilipoburutwa, nyuma yake ukaonekana mlango.

"Ulikuwa wa kupitia ukumbini," alisema shangazi. "Ami yako alipooa akapewa ukumbi, wakaufunga. Mke wake hakutaka kusikia tunayoyasema."

Komeo lilikuwa limeshika kutu. Vijana walilipiga nyundo mara mbili tatu, mlango ukafunguka, na Maalim akaona ule ukuta ulivyo mnene: sentimita 60 za mawe na chokaa, kama zilivyo kuta za nyumba zile. Alisimama katika uwazi wa mlango kama mtu aliyesimama ndani ya ukuta. Nyuma yake palikuwa ukumbi mtupu, na hapo ndipo ambapo angeweza kukiweka kiwiliwili chake. Alitoa futi ya chuma mfukoni. Kamera ikiwekwa ndani ya unene wa ukuta, lenzi ingekuwa mita 3.1 kutoka ukuta wa pili. Mita 3.1, mara 56, ugawe kwa 60. Jawabu ni 2.9, na sentimita nne tu ndizo zilizoitenga na kile alichokipata kwa lenzi ya 40 akiwa amegota ukutani. Kidaka cha mama kingeingia, na shangazi katika mahali pake asingepanuliwa hata sehemu moja ya kumi, na magoti yake yangerudi kuwa magoti.

Lenzi ya 60 haina wapenzi wengi. Wapigapicha husema si pana wala si ya kawaida, na mwenye 80 na 50 huona haina nafasi baina yao. Wanasahau kwamba mwaka 1969, wana-anga wa Apollo 11 walipotembea mwezini, kamera ya Hasselblad waliyokuwa nayo ilifungwa lenzi ya milimita 60, Biogon iliyotengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo. Kule nafasi ya kurudi nyuma ilikuwapo tele.

Picha ilipigwa alasiri, baada ya sala, mwanga wa dirisha ukiwa umelainika. Maalim aliinua miguu mitatu hadi kamera ikawa juu ya kifua chake, ili dari iingie, akapanda juu ya stuli apate kuinamia kioo. Alitia filamu ya polepole, akafunga tundu la lenzi hadi 11 ili kibao na ukuta vyote vitoke vimekaza, na shata ikahitaji sekunde nzima. Alimweleza shangazi kwamba asitikisike.

"Nimekaa hapa miaka yote hiyo sikutikisika," alisema bibi. "Sekunde moja itanishinda?"

Katika kioo kilichogeuza kushoto kuwa kulia, Maalim alimwona ameketi upande ambao hakuwahi kumwona ameketi. Kiti cha katikati kilikuwa kitupu. Aliona pia, kwa mara ya kwanza, kwamba tangu utotoni alikitazama chumba kile kutoka ndani, akiwa amekaa chini karibu na kiti cha baba, na kwamba hakupata kusimama mahali ambapo anaweza kuwaona wote waliokuwamo. Mahali hapo palikuwa nyuma ya kabati. Katika kikao cha warithi alipoinua mkono wake alikuwa anamtazama nani? Hakukumbuka. Shangazi alikuwa ameketi mwishoni mwa mkeka.

Alihesabu sekunde, akabonyeza. Alipiga kumi na mbili zote, na zote kumi na mbili ni za pale pale.

Lenzi ya 50 na ya 40 zilirudi Dar es Salaam katika blanketi lile lile. Ya 60 alibaki nayo, akailipa kwa fedha za arubuni, kwa kuwa nyingine hazikuwapo na hakutaka kujisingizia kwamba zilikuwapo. Kilichosalia cha fungu hilo kililipa gari la kuhamishia makasha na kupakwa rangi chumba cha shangazi katika majumba ya Michenzani, kwa mwanawe, ghorofa ya pili. Rafiki yake alipomuuliza kwa nini ameiacha ile ya 40, ambayo kila mtu angeitaka, Maalim alimjibu kwamba alipata mlango. Rafiki alidhani ni fumbo.

Dalali hakupewa nakala. Nyumba iliuzwa vilevile, na kwa bei iliyokwisha kukubaliwa.

Chumba kipya cha shangazi kina dari ya zege, na upana wake unazidi mita 3 bila boriti hata moja. Bibi hukisifu kwa wageni kwamba hakivuji. Picha imetundikwa mkabala na kitanda, ya mraba, ya rangi nyeusi na nyeupe, na watoto wa nyumba hiyo wakija huonyeshwa: dirisha hili, hiki kiti cha babu, kile kidaka cha mama yangu, huyu mimi. Kisha huwahesabisha ncha za boriti juu ya ukuta, kwa kidole, kutoka dirishani. Hufika kumi na moja. Yeye huwaambia ziko kumi na mbili, na huwaonyesha kwenye ukuta mtupu, nje ya ukingo wa picha, mahali ilipo ya mwisho.